Mgeni na Heshima ya Ulinzi: Mhadhara juu ya Mpira wa Kikapu Vyuoni



Mada niliyopewa kuizungumza hapa Msambweni ni jinsi mchezaji mmoja, aliyehama chuo kimoja akaingia kingine, asiye mrefu wala asiye na sifa ya kufunga vikapu vingi, bali mwenye moyo mgumu na mapenzi ya kulinda, anavyoweza kuiinua timu nzima ya mpira wa kikapu kutoka katika unyonge hata ikahesabiwa miongoni mwa timu za kuogopwa. Huenda wako miongoni mwenu watakaodhani kwamba habari hii ni ya Marekani, ambako vyuo vina viwanja vya kifahari na wachezaji huhama kila msimu, nayo haituhusu sisi tulio baina ya Likoni na Lunga Lunga. Mimi naiona kuwa ni yetu kabisa, kwa sababu pwani hii ya kusini ina watoto wanaoujua mchezo huu kuliko wengi wanavyodhani, na kwa sababu mchezaji wa namna nitakayoieleza ndiye tunayemlea kwa wingi na kumsahau kwa wepesi.

Katika wachezaji watano wa timu, wawili kwa desturi hukaa mbali na kikapu, wakaupokea mpira, wakaudunda, wakaugawa kwa wenzao. Hao ndio waitwao gadi, na aghlabu ndio wafupi kuliko wote. Mtazamaji humpima gadi kwa pasi zake na kwa vikapu vyake, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoonekana na ndiyo yanayoandikwa katika ubao. Lakini anayo kazi ya pili, isiyopigiwa makofi, nayo ni kumkabili gadi wa upande wa pili tangu mpira unapoingizwa kiwanjani, kumwendea kifua kwa kifua, kumzuia asione mbele, na kumfanya aione kila hatua kuwa ya kununuliwa.

Ili tuijue thamani ya kazi hiyo hatuna budi kuzitazama kanuni za mchezo wenyewe, kwa maana ulinzi wa gadi ni elimu ya wakati kabla haujawa elimu ya nguvu. Kiwanja kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Kwa kanuni za kimataifa, ambazo ndizo zinazofuatwa Kenya, timu ikipata mpira katika nusu yake ina sekunde 8 za kuuvusha mstari wa kati, na jumla yake ina sekunde 24 za kuurusha kwenye kikapu. Na mchezaji aushikaye mpira huku amebanwa karibu ana sekunde 5 tu za kuutoa, kuudunda au kuurusha. Sasa mfikirieni gadi aliyekabiliwa na mlinzi dhaifu: huvuka katikati kwa sekunde 3 akipumua vizuri, akatazama kulia na kushoto, akawaweka wenzake mahali pao, naye ana sekunde 21 za kutafuta njia iliyo bora. Kisha mfikirieni yule yule aliyekabiliwa na mlinzi mkali: huvuka kwa sekunde 7 akiwa ameupa mgongo uelekeo wake, pasi ya kwanza aliyoikusudia imekwisha kuzibwa, ya pili inatoka kwa kuchelewa, na mpira unapofika kwa mfungaji hodari wa timu yake zimebaki sekunde chache za kurusha kwa pupa, hali mkono wa mtu uko usoni pake. Mpira ule ukikosa kikapu, ubao utaandika kwamba mfungaji amekosa, na hapana sehemu ya ubao itakayoandika ni nani aliyemkosesha.

Wazee wetu Wadigo walipozijenga kaya zao ndani ya misitu, kama Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, ambayo ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, hawakuweka askari msitu mzima. Waliuacha msitu uwe boma lao, wakaacha njia nyembamba, na juu ya njia hiyo wakaweka lango, hata kila ajaye, rafiki au adui, apite pale walipotaka wao apite. Gadi mlinzi hufanya vivyo hivyo. Hawezi kumzuia mtu asisogee kabisa, wala waamuzi hawatamruhusu. Lakini huchagua upande wa kumpeleka, akamfungia kati akamwachia ubavuni, akamsukumia penye mstari wa pembeni na penye mwenziwe anayengoja, na timu nzima ikajua mapema hatari itatokea wapi.

Faida ya kazi hiyo huenea hata mahali pasipodhaniwa. Mchezaji mrefu wa timu, ambaye huwa na kazi ya kukilinda kikapu, hafikiwi kila mara na gadi anayekuja mbio bila kizuizi, basi halazimiki kufanya madhambi ya kuokoa, naye hubaki kiwanjani hata robo ya nne badala ya kukaa benchi na faulo nne shingoni. Mpira uliopokonywa katikati ya kiwanja huzaa kikapu chepesi upande wa pili, kikapu ambacho hata asiyejua kufunga hukifunga.

Lakini ipo faida nyingine ambayo mimi naiweka juu ya hizi zote, nayo haionekani siku ya mashindano. Ni faida ya mazoezini. Timu hushindana na wengine mara moja au mbili kwa juma, na siku zilizobaki hushindana yenyewe kwa yenyewe. Aingiapo katika timu mtu ambaye hakubali kumpitisha yeyote, hata katika zoezi la jioni lisilotazamwa na mtu, gadi wenyeji hulazimika kila siku kupita mbele yake. Wakijifunza kumpita yeye, wale watakaokutana nao siku ya mchezo wataonekana wepesi. Na aibu nayo ni mwalimu: mtu hawezi kutembea akirudi kulinda hali mgeni aliyekuja juzi anakimbia.

Kwa nini nasema mgeni, na si mlinzi yeyote? Kwa sababu ya jambo ambalo makocha wa vyuo vidogo wangepata nafuu kubwa kama wangelitia maanani. Ufungaji hutaka mazoea. Mtu anayehama huchukua muda mrefu kujua mwenziwe hupenda mpira umfikie kifuani au mbele ya mguu, kujua ishara za kocha, kujua zamu yake ni ipi, na wakati huo wote huweza kuwa mzigo kwa waliomkaribisha. Ulinzi wa mtu kwa mtu huhama na mwenyewe. Miguu, macho, pumzi na ukaidi havingoji mazoea, basi mgeni huyu anacho cha kutoa tangu siku ya kwanza, naye hutoa bila kumnyang'anya mwenyeji mpira wala nafasi ya kurusha. Wahenga wetu waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walimkusudia mgeni wa namna hii, ajaye na dawa mkononi, si yule ajaye kutaka kitanda cha mwenye nyumba.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote niijuayo ni wa Davion Mitchell na Chuo Kikuu cha Baylor, katika jimbo la Texas. Kijana huyu wa Georgia alianza katika chuo cha Auburn msimu wa 2017-18, na huko hakufikisha wastani wa pointi 4 kwa mchezo. Mtu angesoma takwimu zake akafunga daftari. Akahamia Baylor, na kwa kanuni za wakati ule mchezaji aliyehama alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza mashindano. Mwaka huo, 2018-19, Mitchell alifanya mazoezi na wenzake asicheze mchezo hata mmoja, na naamini kwamba ushindi wa Baylor ulianzia hapo, katika mwaka ambao jina lake halimo katika orodha ya matokeo. Msimu uliofuata timu ilishinda michezo 26 ikashindwa 4 tu, kisha maradhi ya korona yakayafuta mashindano ya taifa kabla hayajaanza. Wengine wangevunjika moyo. Wao wakarudi msimu wa 2020-21, na tarehe 5 Aprili 2021, mjini Indianapolis, wakakutana katika fainali na Gonzaga, timu iliyokuwa imeshinda michezo 31 bila kushindwa hata mmoja.

Fainali hiyo inafaa kutazamwa na kila anayefundisha mchezo huu, na hasa dakika zake za mwanzo. Baylor walipata pointi 9 kabla Gonzaga hawajapata hata moja. Timu iliyozoea kuwaendea wengine kwa kasi ilijikuta inatafuta pumzi ya kuuvusha mpira, kwa kuwa Mitchell na wenziwe waliwabana gadi wake tangu mbali, na kila pasi iliyokuwa ikifika kwa urahisi miezi mitano ilifika kwa taabu au haikufika. Baylor wakashinda kwa 86 kwa 70, nao ukawa ubingwa wao wa kwanza wa taifa kwa upande wa wanaume. Aliyefunga zaidi kwa upande wao alikuwa Jared Butler, mwenye pointi 22, na Mitchell alikuwa na 15. Lakini tuzo ya Naismith ya mlinzi bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka ule alipewa Mitchell, na wenzake walikuwa wamekwisha kumpa lakabu yenye maana kwamba kila anayelindwa naye hupatwa na usiku mbaya.

Tena katika nusu fainali ya mashindano hayo hayo Baylor waliwashinda Houston, 78 kwa 59, na Houston nao walikuwa wamefika daraja hiyo, wasiyoifikia tangu 1984, wakiwa na gadi mhamiaji aliyetoka chuo cha Massachusetts, DeJon Jarreau, aliyekuwa mlinzi bora wa kundi lao la vyuo. Basi wageni wawili walinzi walikutana, na kila mmoja alikuwa ameifikisha nyumba iliyompokea mahali ilipotamani kufika kwa miaka mingi.

Najua kuna atakayesema kwamba timu haishindi kwa kunyima peke yake, na kwamba mwisho wa yote kikapu ndicho kihesabiwacho. Maneno hayo ni ya haki, wala siyapingi. Mitchell mwenyewe hakubaki na pointi zake chache za Auburn. Katika mwaka wa ubingwa alifikia wastani wa pointi 14, na mrusho wake wa mbali ukawa wa kutegemewa, kwa sababu alijifunza. Ninalolipinga ni mizani yenye sahani moja. Mwezi wa Februari 2021, mjini Yaoundé, timu yetu ya taifa ya wanaume iliishinda Angola, nchi iliyokwisha kutwaa ubingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73, na ushindi ule ukatufungulia njia ya kurudi katika mashindano ya mataifa ya Afrika baada ya miaka 28. Kila Mkenya apendaye mchezo huu anakumbuka mrusho wa mwisho wa Tylor Ongwae, na anayo haki ya kuukumbuka, kwa kuwa ulikuwa mrusho wa shujaa. Lakini ni wangapi kati yetu waliojiuliza ni kitu gani kilichoifanya Angola isimame kwenye 73? Kama angalau mpira mmoja uliozuiwa katika robo ya kwanza au ya pili ungaliingia, mrusho wa Ongwae usingalitosha.

Sasa nije nyumbani. Hapo Tiwi iko Shule ya Sekondari ya Kaya Tiwi, ambayo wasichana wake wametwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa shule za Kenya zaidi ya mara moja, na wamelipeleka jina la Kwale katika michezo ya shule za Afrika Mashariki. Katika shule hiyo alisoma Madina Okot, binti wa Mumias aliyekuja pwani, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Zetech, kisha akavuka bahari mpaka Mississippi State, ambako alikaribia wastani wa ribaundi 10 kwa mchezo, na mwaka 2025 akahamia South Carolina, kwa kocha Dawn Staley, aliyekwisha kukitwalia chuo hicho ubingwa wa taifa mwaka 2017, 2022 na 2024, na ambaye wakati wa ujana wake alikuwa gadi mfupi mwenye jina kubwa. Tazameni njia hiyo: katika kila kituo binti huyu alikuwa mgeni, na katika kila kituo wenyeji wake walinufaika. Ni fahari kwetu sote, na naitaja hapa kwa furaha ya kweli.

Hata hivyo Okot ni mchezaji wa kati, mwenye kimo cha futi 6 na inchi 6, na kimo cha namna hiyo hujitangaza chenyewe. Wajumbe wa vyuo hukiona hata wakiwa nje ya ua. Mimi nashughulishwa na wale waliocheza mbele ya wachezaji wa namna yake, wasichana wafupi waliowabana gadi wa timu pinzani kwa dakika zote, waliojitupa sakafuni kuufuata mpira hata magoti yakachubuka, na ambao majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa katika orodha ya waliovaa jezi. Wengi wao wamemaliza shule wakarudi Ukunda, Mwabungo, Kinango au Vanga, na mchezo ukawa umekwisha kwao wakiwa na miaka 19. Wachache waliobahatika kuingia chuo hujikuta katika chuo kisicho na timu au chenye timu ya kujaza nafasi, na hawajui kwamba mahali pengine yuko kocha anayehitaji hasa kile walicho nacho.

Hapa naomba mnivumilie niseme neno juu ya uhamisho wenyewe, maana si kila uhamisho ni wa kheri. Kumtoa mtoto wa sekondari katika shule yake kwa ajili ya kombe la msimu mmoja, akaachwa bila karo mashindano yakiisha, ni dhuluma, na hapana ushindi unaoihalalisha. Mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima. Anayo akili ya kuchagua, na ana haki ya kutafuta mahali ambapo masomo yake na mchezo wake vitapata nafasi. Wamarekani wenyewe wamelibadilisha jambo hili kwa haraka: mwaka 2021 walimruhusu mchezaji ahame mara moja bila kukaa nje, na mwaka 2024 wakamruhusu ahame mara kadhaa, mradi ametimiza masharti ya masomo. Uhuru huo ni mwema, lakini umekuja pamoja na pupa, na naona kwamba mchezaji anayehama kila mwaka hukosa kile Mitchell alichokipata katika mwaka wake wa kungoja, yaani muda wa kujulikana na wenzake kabla ya kutakiwa kuwaokoa.

Wajibu wa mwenyeji nao si mdogo. Nimewaona makocha wanaompokea mgeni hodari wa kulinda, kisha wakamlaumu kwa kutofunga, mpaka akaanza kurusha mipira asiyoiweza ili asiachwe nje, na kile kidogo alichokuja nacho kikapotea. Kocha mwenye busara humwambia mgeni wake mbele ya timu nzima, tangu siku ya kwanza, ni kazi gani aliyomwitia, na huihesabu kazi hiyo kama inavyohesabiwa ya mfungaji. Wako makocha wanaoandika kila mpira ulioguswa na mlinzi, hata usipopokonywa. Kila mara mpinzani alipolazimika kuurudisha mpira nyuma. Kila mara alipovuka katikati kwa zaidi ya sekunde 6. Kazi hiyo haihitaji mashine wala fedha. Inahitaji kijana mmoja benchini, mwenye kalamu na daftari na macho yasiyofuata mpira tu. Timu ikisomewa daftari hilo baada ya mchezo, mlinzi akasikia hesabu yake ikitajwa mbele ya wafungaji, heshima ya ulinzi huingia katika timu na kuwa desturi yake, na hata mgeni akimaliza masomo akaondoka, desturi hubaki na wale aliowazoeza.

Nami nasema ya kwamba hii ndiyo njia iliyo wazi kwa vyuo vyetu vya pwani ya kusini, kuliko kushindana na Nairobi kwa warefu. Vyuo vikuu vya mji mkuu vina misaada ya karo, vina viwanja vilivyoezekwa, na timu ya mamlaka ya bandari ng'ambo ya Likoni ina ajira ya kumpa mchezaji. Hatutawashinda katika mnada huo. Lakini gadi mlinzi hayumo mnadani, kwa sababu wenye fedha hawajamtazama. Chuo cha Msambweni au cha Ukunda kikimpata mmoja wa namna hiyo, aliyechoka kukaa benchi mahali pengine, kikampa nafasi ya masomo, chakula, na jukumu lenye jina, kitakuwa kimepata kwa gharama ndogo kitu ambacho vyuo vikubwa hukigundua baada ya kushindwa.

Basi nawaomba, enyi wakuu wa vyuo mliohudhuria, mlitie jambo hili katika mashauri yenu kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza: tengeni nafasi chache kwa wachezaji wanaohama, wasichana kwa wavulana, na katika kuzigawa msiulize pointi peke yake. Nanyi walimu wa michezo wa sekondari, anzeni kuliandika daftari la ulinzi kwa wanafunzi wenu, ili mtoto atokapo Tiwi au Shimba Hills awe na karatasi ya kumwonyesha kocha asiyewahi kumwona akicheza. Na wewe kijana mfupi uketiye pale nyuma, unayejua kumbana mtu mpaka akaudunda mpira nje ya mstari, usikiache kiwanja. Jiandikishe chuoni, na ukiona hapo ulipo hawakihitaji ulicho nacho, uliza kwingine, kwa maana wako wanaokitafuta.